Mkono Bila Mwenyewe

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliandika makala fupi kuhusu mikono ya mamangu. Ilitoka kwenye jarida la wanafunzi, kurasa chache zilizobanwa kwa pini, na mimi nikajiona nimefika. Nilieleza nyufa za vidole, kucha zilizokatika, na ule uvimbe kwenye kiungo cha dole gumba unaowapata watu waliokama miaka mingi. Nikaandika kwamba mikono hiyo ndiyo iliyolipa karo yangu, na hilo ni kweli. Wenzangu wawili walilia. Nilifurahi walipolia, tusidanganyane.

Likizo ilipofika dadangu alimsomea Mama makala hiyo, pale nyumbani Nandi, jikoni, mimi nikijifanya nachochea moto. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo, Mama."

"Mbona hukuandika kwamba maziwa yangu hayajawahi kurudishwa?"

Kwa asiyejua: maziwa yakifika kwenye kituo cha kupozea, karani huyapima. Anatumbukiza kipimo kuona kama yametiwa maji, anachanganya kidogo na spiriti kuona kama yameanza kuharibika, halafu ananusa. Yakishindwa, unarudishiwa mtungi wako mbele ya watu wote walio kwenye foleni. Miaka ishirini na kitu, kwanza akikama ng'ombe wa mwenye shamba na baadaye wake mwenyewe watatu, Mama hakurudishiwa mtungi hata siku moja. Nilijua jambo hilo tangu utotoni. Halikunipitia akilini kwamba ni jambo la kuandika. Maumivu yake niliyaona kuwa fasihi, na ustadi wake nikauona kuwa kazi tu, kama kufagia.

Sikuwa na jibu. Nilichochea moto uliokuwa tayari unawaka.

Swali hilo limenirudia mwaka huu kwa njia ambayo sikuitarajia, kupitia mkono wa mwanamke mwingine, Mwingereza, aliyekama ng'ombe zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mwaka 1798 daktari Edward Jenner wa Berkeley, Gloucestershire, alichapisha kitabu kidogo kuhusu ndui ya ng'ombe. Ndani yake mna picha ya rangi: mkono wa mtu, kuanzia juu kidogo ya kiwiko cha kiganja hadi ncha za vidole, na juu yake malengelenge. Ni mkono wa Sarah Nelmes, msichana aliyefanya kazi ya maziwa kwa mkulima mmoja wa hapo karibu. Mwiba ulikuwa umemkwaruza, na kwenye mkwaruzo huo akaambukizwa na ng'ombe aliyemkama. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua majimaji ya kidonda hicho akayatia kwenye mikwaruzo miwili ya mkono wa James Phipps, mtoto wa miaka 8. Baadaye akamtia mtoto huyo ndui yenyewe, na ndui haikushika. Chanjo zote tulizochomwa, wewe na mimi, zina ukoo na siku hiyo. Hata lile neno wanalotumia Wazungu kuita chanjo limetokana na neno la Kilatini la ng'ombe.

Sasa angalia waliobaki kwenye historia. Jenner alipewa na Bunge pauni 10,000 mwaka 1802, na nyingine 20,000 mwaka 1807. Phipps alipewa na Jenner nyumba ya kukaa bila kodi. Ng'ombe mwenyewe tunajua jina lake, Blossom, na ngozi yake imetundikwa mpaka leo kwenye maktaba ya chuo cha udaktari cha St George's, London. Na Sarah Nelmes tuna mkono wake. Umekatwa na mchoraji mahali shati linapoanza.

Nilipoiona picha hiyo nilishtuka kwa sababu niliitambua. Ni makala yangu ile. Ni mimi niliyemkata Mama kwenye kifundo cha mkono nikabaki na vidole.

Basi swali langu ni hili, na si la historia peke yake: tukimtaja mtu aliyefanya kazi ngumu maisha yake yote, tunamdai nini na yeye anatudai nini? Tukisema aliteseka, tumemfanya kidonda. Tukisema alikuwa hodari, tumempaka rangi mateso yake. Kuna namna ya tatu?

Kwanza niseme kazi yenyewe ilikuwa gani, kwa sababu nimegundua watu wengi (nami nilikuwa mmoja wao) wakisikia msichana wa maziwa wa Uingereza wanaona binti mwenye mashavu mekundu, ndoo mkononi, maua nyuma yake. Wazungu wenyewe ndio waliotuuzia picha hiyo. Karne ya 19 ilijaa nyimbo na michoro ya namna hiyo. Malkia Victoria alikuwa na chumba chake cha maziwa pale Frogmore, Windsor, kilichojengwa mwaka 1858: vigae vya kupendeza, meza za marumaru, chemchemi za maji. Ukikiona unaweza kudhani siagi hutengenezwa na malaika.

Msichana wa kweli aliamka kabla ya alfajiri, na kiangazi huko alfajiri hufika mapema mno, saa kumi za usiku hivi kwa saa zetu. Katika wilaya za maziwa za magharibi ng'ombe wengi walizaa majira ya kuchipua, kwa hiyo maziwa yalifurika kuanzia Aprili mpaka karibu Oktoba. Mkamaji mmoja alikuwa na ng'ombe wanane, pengine kumi, mara mbili kwa siku. Unakaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, unaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, unakama mpaka tone la mwisho. Hilo tone la mwisho si ushirikina. Maziwa yanayotoka mwishoni ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote, na ng'ombe anayeachiwa maziwa kiweleni hupunguza kidogo kidogo mpaka anakauka. Mwajiri aliweza kumjua mkamaji mvivu kwa kumtazama ng'ombe wiki tatu baadaye. Wengine waliimba, maana ng'ombe aliyetulia huachilia maziwa. Halafu ndoo mbili zinaning'inizwa kwenye mti wa mabegani, unarudi nazo.

Hapo siku ndiyo inaanza.

Chumba cha maziwa kilijengwa upande wa kaskazini ili jua lisiingie, sakafu ya mawe, na kila kitu humo kililoweshwa, kikasuguliwa, kikamwagiwa maji ya moto, kikakaushwa, kila siku, kwa sababu maziwa hayasamehe. Kulikuwa na kodi ya madirisha Uingereza mpaka mwaka 1851, na madirisha ya vyumba vya maziwa na vya jibini yaliweza kusamehewa mradi mlangoni paandikwe ni chumba cha nini. Nimelipenda jambo hili dogo. Hewa ya chumba ilipata msamaha wa serikali. Aliyekuwa ndani akipiga magoti na brashi hakupata msamaha wowote.

Maziwa ya siagi yalimwagwa kwenye mabeseni mapana ili malai yapande juu, yakaenguliwa baada ya saa kumi na mbili au zaidi, yakakusanywa kwa siku kadhaa, halafu yakasukwa ndani ya pipa. Siku nzuri siagi hutoka katika nusu saa au saa moja. Siku mbaya unasuka mpaka mabega yanakufa ganzi na bado una povu tu. Ikitokea hivyo watu walisema mchawi ameingia pipani, na dawa yake ilikuwa kutumbukiza chuma kilichotiwa moto mpaka kikawa chekundu. Wasomi waliocheka waliandika hayo kama ujinga wa mashambani. Lakini siagi hukataa kutoka malai yakiwa baridi kupita kiasi, na chuma cha moto hupasha malai. Mchawi aliondoka kweli! Msichana ambaye hakuwa na kipimajoto alijua joto la malai kwa kidole, na alijua pia mikono yake mwenyewe: mwenye mikono ya moto huharibu siagi anapoikanda, kwa hiyo waliichovya kwanza kwenye maji baridi. Huko Januari, maji hayo ni barafu iliyoyeyuka jana. Vidole vilivimba, vikapasuka, chumvi ya siagi ikaingia kwenye nyufa.

Jibini ndiyo iliyovunja migongo. Maziwa ya jioni na ya asubuhi yanapashwa moto pamoja, yanagandishwa kwa maji yaliyolowekwa tumbo la ndama anayenyonya, donge linakatwa, maji yake yanachujwa na kupelekewa nguruwe, kilichobaki kinatiwa chumvi, kinafungwa kitambaa, kinakandamizwa siku kadhaa. Baada ya hapo jibini inakaa ghalani kwa miezi na lazima igeuzwe, kila siku mwanzoni, upande wa juu uende chini. Jibini kubwa ya Cheddar ina kilo 27 hivi. Ghala likiwa na mia, wewe fanya hesabu. Mwaka 1843 serikali ilichapisha ripoti kuhusu wanawake na watoto wanaofanya kazi za shamba, na kamishna aliyezunguka Wiltshire, Dorset, Devon na Somerset, Alfred Austin, alieleza jinsi wanawake wa maziwa walivyoumwa migongo na viungo na kuchoka uchovu usioisha. Jumapili? Ng'ombe hamjui Mungu wala kalenda.

Kuhusu yale mashavu, kuna jambo linalonikereketa. Sifa ya uzuri wa wasichana hawa haikutoka hewani. Katika nchi ambayo watu wengi walikuwa na makovu ya ndui usoni, wao walisemwa kuwa na nyuso laini, na maelezo ya kawaida ni kwamba ndui ya ng'ombe waliyoipata mikononi iliwakinga na ile ya binadamu. Yaani washairi waliimba uso ambao ulilindwa na kidonda cha mkono. Walitazama juu wakaacha kutazama chini. Na wasichana wenyewe na wakulima wao walijua siri hiyo kabla ya daktari yeyote kuiandika. Benjamin Jesty, mkulima wa Dorset, alimchanja mkewe na wanawe wawili mwaka 1774, miaka 22 kabla ya Jenner. Jambo lililompa ujasiri ni kwamba watumishi wake wawili wa kike, waliokwisha kupata ndui ya ng'ombe, waliwauguza jamaa zao wenye ndui na hawakuambukizwa.

Nikifika hapa mtu wa siasa ninayemheshimu, rafiki yangu wa chama cha wafanyakazi, hunikatiza. Tumebishana juu ya makala hii kwa simu mara tatu. Anasema: "Wewe unawapa maua watu waliohitaji mshahara." Anasema kila mwajiri duniani anapenda mfanyakazi anayejivunia kazi yake, maana fahari ni kitu anachojilipa mwenyewe. Mamako hakurudishiwa maziwa, sawa, na nani alitajirika?

Nimejaribu kumjibu na sijafaulu kabisa, kwa sababu ushahidi mwingi uko upande wake. Msichana wa maziwa aliajiriwa kwa mwaka mzima, mara nyingi kwenye gulio la waajiriwa, ambako watu walisimama uwanjani wakiwa na alama ya kazi yao ili wakaguliwe: mchungaji na kishungi cha sufu, mkamaji na ndoo au manyoya ya ng'ombe. Mkikubaliana unapewa shilingi ya kufunga mapatano, na ukishaipokea umefungwa wewe pia. Malazi na chakula kwa bwana, mshahara mkononi mwaka ukiisha. Chini ya Sheria ya Bwana na Mtumishi ya 1823, mtumishi wa shamba aliyetoroka kabla ya muda aliweza kufungwa jela hadi miezi mitatu. Bwana aliyevunja mapatano alidaiwa tu kama mtu mwingine anayedaiwa deni. Waingereza waliachana na sheria za namna hiyo kwao mwaka 1875. Mwaka 1906 serikali yao ikapitisha hapa kwetu sheria yenye jina hilo hilo na roho ile ile, na babu zetu wakafungwa kwa kuacha kazi kwenye mashamba, mengine yakiwa ya ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo sizungumzi juu ya mtu wa mbali sana nikimzungumzia msichana wa Gloucestershire. Kamba iliyomfunga ilisafiri kwa meli.

Pamoja na hayo, rafiki yangu anakosea mahali fulani, na nadhani nimepaona. Anadhani ustadi ni pambo linalowekwa juu ya kazi. Ustadi ndio uliokuwa mali pekee ambayo msichana yule aliondoka nayo mwaka ulipoisha. Ng'ombe wa bwana, chumba cha bwana, jibini ikiuzwa inaitwa kwa jina la mji au wilaya. Lakini kidole kinachojua joto la malai alienda nacho kwenye gulio linalofuata. Josiah Twamley, mfanyabiashara wa jibini aliyechapisha kitabu cha kufundisha kazi ya maziwa mwaka 1784, alikiri kwamba wanawake wa maziwa hawakutaka kufundishwa naye, na walishangaa mwanamume atajua nini kuhusu kutengeneza jibini. Nikisoma hivyo nacheka kwa furaha. Hapo wanasikika. Mtu aliyevunjika kabisa hana haja ya kumzuia mfanyabiashara mlangoni.

Mlango wenyewe ulifunguliwa baadaye kwa nguvu. Katikati ya karne wanaume kama Joseph Harding wa Somerset waliweka kazi ya Cheddar katika vipimo vya joto na saa, na mpaka leo Harding anaitwa baba wa Cheddar, ingawa jibini hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa mamia ya miaka, na kwa sehemu kubwa na akina mama. Mwaka 1865 sotoka iliua ng'ombe waliofugwa ndani ya jiji la London, na maziwa yakaanza kusafirishwa kwa treni kutoka mashambani kwa wingi, mabichi, bila kupitia pipa la siagi. (Ni sotoka hiyo hiyo iliyofagia mifugo ya Wamaasai na majirani zao miaka ya 1890, ndiyo maana wazee walihesabu miaka kwa vifo vya ng'ombe.) Mwaka 1870 kiwanda cha jibini kilifunguliwa Longford, Derbyshire, kwa mtindo wa Kimarekani. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Uswidi akaleta mashine inayotenga malai kwa kuzungusha. Kilichokuwa kwenye kidole kikahamia kwenye chombo, na chombo ni cha mwenye pesa.

Ningependa kuishia hapo, nilie kidogo juu ya ujuzi ulioibwa. Haiwezekani, kwa sababu ya jambo moja linaloharibu hadithi yangu nzuri. Wasichana wenyewe waliondoka. Kufikia mwisho wa karne wakulima wengi wa Uingereza walilalamika kwamba wasichana hawataki tena kukama, na ndoo ikapita kwa wanaume. Walikwenda mijini, wakawa watumishi wa nyumbani, wakauza madukani. Hakuna aliyewafukuza. Waliupima ustadi wao kwenye mizani moja na usingizi wa mpaka saa kumi na mbili asubuhi, wakachagua usingizi. Thomas Hardy, mzaliwa wa Dorset, katika riwaya yake ya Tess ya mwaka 1891, aliyafanya maisha ya kukama kuwa majira matamu kuliko yote katika maisha ya msichana wake. Siwezi kujizuia kuona kwamba aliyaandika wakati wasichana wa Dorset walikuwa wanayakimbia.

Na Mama? Mama aliyeniuliza kwa nini sikuandika kuhusu maziwa yake hakumfunza hata mtoto mmoja kati yetu kukama sawasawa. Dadangu alipokaribia ng'ombe alifukuzwa: "Nenda ukasome!" Nilidhani alitaka kutuepusha na aibu. Sasa nadhani alikuwa na mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja, na hakuona shida yoyote: kwamba kazi ile ni mbaya kwa mtu, na kwamba yeye aliifanya vizuri. Sisi tuliosoma ndio tunaotaka achague moja. Tunataka awe kidonda au awe shujaa, maana makala haiwezi kubeba vyote viwili bila kupinda.

Kulikuwa na bwana mmoja London, Arthur Munby, mwanasheria na mshairi, aliyetumia miaka mingi ya karne hiyo kutazama mikono ya wanawake wafanyakazi. Aliwasimamisha barabarani, akazungumza nao, akakusanya picha zao, akaandika kwenye daftari zake jinsi mikono yao ilivyokuwa minene na mikavu. Alimwoa kwa siri mtumishi mmoja, Hannah Cullwick, mwaka 1873. Hata mtu akisema alikuwa na mapenzi ya ajabu, mimi namwona kama ndugu. Aliwatazama wanawake hao kuliko mtu yeyote wa tabaka lake, akaona mikono. Tofauti ni kwamba Cullwick aliandika daftari zake mwenyewe, Munby alimwomba aziandike, na humo mna viatu vingapi vilisuguliwa, sakafu ipi ilioshwa, saa ngapi. Ni orodha ndefu za kazi, na zina nguvu kuliko huruma yote ya bwana wake.

Hapo ndipo nilipopata kitu kinachofanana na jibu. Sarah Nelmes hakuacha daftari. Ningeweza kumtungia sauti, nimsemeshe usiku akiwa kitandani, mwiba ukimuuma. Nimejaribu, nilifika ukurasa mmoja na nusu nikaona nimemwandika Mama kwa nguo za Kizungu. Nikaifuta. Mtu akishatungiwa mawazo hawezi kukataa. Hawezi pia kukataa uzuri aliopewa na wachoraji, wala huruma aliyopewa na makamishna, maana uzuri na huruma ni vya mtazamaji. Vimo kichwani mwake. Lakini nikisema kwamba maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta, au kwamba siagi inakandwa kwa mikono iliyopoa, nimeingia nyumbani kwake. Hapo nikikosea anaweza kunirekebisha. Ndiyo maana nimekaa muda mrefu hapo juu kwenye mabeseni na vitambaa, na pengine nimekuchosha. Nilikuwa natafuta sentensi ambazo mwenye mkono angeweza kuzisahihisha.

Aprili hii nilimpelekea Mama sehemu hiyo, ya siagi na jibini, nikamsomea mwenyewe bila kumtuma dadangu. Mambo ya jibini hayakumgusa sana. Alisema kukaa na maziwa miezi tisa ghalani ni kukosa watoto wa kuyanywa. Kwenye chuma cha moto alicheka mpaka akafuta macho. "Sisi tuliweka kibuyu karibu na jiko," akasema, "hatukuhitaji mchawi." Halafu akanisimamisha niliposoma kwamba ng'ombe anayeachiwa maziwa hukauka.

"Umesema wiki tatu?"

"Nimesema mwajiri atajua baada ya wiki tatu."

"Mimi najua siku ya nne." Akanyamaza kidogo. "Na huyo wa mwiba. Walipomtoa hayo majimaji mkononi, jioni alikama?"

Nilimwambia ng'ombe walikuwa wanangoja, ilikuwa Mei, maziwa yamefurika.

"Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huo, Mama."

Akatazama nje, jua lilikuwa limeshuka kwenye michai, na yule ng'ombe wake mweusi alikuwa ameanza kulia kwenye ua. Akaniuliza mkono wenyewe ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Akachukua ndoo, akatoka.